Nani Anayashika Majina ya Dada Zetu?

  

Leo, hapa redioni Kamina, tunazungumza mpira. Lakini subirini, sisemi vilabu vya Mazembe na Lupopo. Hao wana siku zao na wana watu wa kuwasemea. Leo nataka tumzungumzie mwanamke. Mwanamke Mjerumani, aliyeacha mpira mwaka 2008, ambaye bado anazunguka kwenye simu za vijana kana kwamba amefunga goli jana.

Swali ameniletea msikilizaji wetu mmoja, kijana. Ameniuliza hivi: huyu mwanamke niliyemwona kwenye simu, anaruka, anapiga kichwa, wenzake wote wanamrukia, ni nani? Na kwa nini watu wanamwangalia mpaka leo, wakati alipoacha mpira mimi nilikuwa bado nabebwa mgongoni?

Swali zuri sana. Nalirudisha kwenu wote, kwa sababu naona linatuhusu sisi wa mkoa wa Haut-Lomami, hapa Kongo, kuliko tunavyodhani.

Mwanamke huyo anaitwa Nia Künzer. Na kabla hatujafika mbali, niwaambie jambo ambalo wengi hawalijui. Hakuzaliwa Ujerumani. Amezaliwa huku kwetu Afrika, mjini Mochudi, nchini Botswana, mwezi wa kwanza mwaka 1980, wakati wazazi wake walikuwa wamekuja kufanya kazi za maendeleo. Kwa hiyo wewe kijana unayemwangalia kwenye simu ukidhani ni mtu wa mbali kabisa, mtoto huyo pumzi yake ya kwanza ameivuta kwenye bara hili hili.

Sasa tuje kwenye goli lenyewe, maana wengi mmeliona bila kujua mnaangalia nini.

Ni tarehe 12 Oktoba 2003, mjini Carson, California, nchini Marekani. Fainali ya Kombe la Dunia la wanawake, Ujerumani na Uswidi. Uswidi wanatangulia kufunga, mfungaji ni Hanna Ljungberg. Wanakwenda mapumziko, wanarudi, na kabla watu hawajakaa vizuri Maren Meinert amekwisha kusawazisha. Ni 1 kwa 1. Dakika 90 zinaisha hivyo hivyo.

Hapa sikilizeni vizuri. Siku zile kulikuwa na sheria ya goli la dhahabu. Mkiingia kwenye muda wa nyongeza, atakayefunga kwanza ndiye mshindi, na mchezo umekwisha pale pale. Hakuna kurudisha. Hebu fikirini mabeki wanachezaje katika hali hiyo, kila mpira unaokaribia goli unaweza kuwa wa mwisho! Dakika ya 98 Ujerumani wanapata mpira wa adhabu. Renate Lingor anaupiga juu. Katikati ya kundi la watu anaruka msichana mmoja aliyeingia dakika ya 88 tu, akitokea benchi. Anapiga kichwa, mpira unapaa juu ya kipa, unaingia. Kwisha. Ujerumani ni mabingwa wa dunia upande wa wanawake, mara yao ya kwanza.

Dakika kumi tu uwanjani. Kichwa kimoja. Na leo kijana wa Kamina anauliza yule ni nani.

Lakini ngojeni niwaambie kilichokuwa nyuma ya kichwa kile, kwa sababu simu haiwaonyeshi. Binti huyu goti lake lilikuwa limemtesa miaka na miaka. Kuna kano ndani ya goti, ile inayoushika mfupa wa paja na mfupa wa mguu isiachane; mwanamichezo ikimkatikia, mara nyingi anakaa nje miezi mingi, na wengine hawarudi tena. Yeye, katika maisha yake ya mpira, imekatika mara nne. Mara nne, wasikilizaji. Ukitaka kujua kwa nini wenzake walimrukia vile siku ile, jibu mojawapo ni hilo. Walijua ameanza kutembea upya mara ngapi.

Na mkihesabu michezo yake yote ya timu ya taifa, ni 34, na magoli mawili. Mawili tu. Wekeni namba hiyo pembeni, tutairudia.

Alipoacha kucheza hakukaa kungoja kupigwa picha. Alikuwa amesomea elimu ya malezi. Televisheni ya Ujerumani ikamchukua awe mchambuzi wa michezo ya wanawake, na wakati huo huo akafanya kazi katika ofisi ya serikali mjini Gießen, katika idara inayowapokea wakimbizi wanapofika kwa mara ya kwanza. Tangu mwanzo wa mwaka 2024 shirikisho la mpira la Ujerumani limempa usimamizi wa soka lote la wanawake upande wa michezo, na mwaka huo huo timu yao ikarudi na medali ya shaba kutoka Olimpiki ya Paris. Nawaambia haya ili wasichana mnaonisikia mjue kwamba mpira ukiisha, maisha ya mchezaji hayaishi, na heshima yake inaweza kuendelea kukua.

Sasa turudi kwenye swali la kijana wetu. Kwa nini watu wanamwangalia mpaka leo?

Wengine watasema, kwa sababu goli lilikuwa zuri. Kweli, lilikuwa zuri. Lakini magoli mazuri yamefungwa mangapi duniani? Hapa hapa Kamina, jioni, shule zikifungwa, wasichana wanacheza, na mimi nimeona magoli ambayo yangestahili kuonyeshwa mahali popote. Yako wapi leo? Yamebaki kwenye vichwa vya watu waliokuwepo, na wakihama mji au wakisahau, goli nalo limekwenda nao.

Hesabuni pamoja nami. Goli lile limefungwa Oktoba 2003. Facebook imeanza mwaka 2004. YouTube imeanza mwaka 2005. Maana yake goli limezaliwa kabla ya mitandao hii tunayoitumia. Hakuna mtu aliyesimama uwanjani siku ile na simu akalirusha. Basi limefikaje kwenye simu yako?

Limefika kwa sababu kuna watu walilishika. Kamera ya televisheni ilikuwepo na ilipiga picha. Nyumbani Ujerumani zaidi ya watu milioni 10 waliketi kuangalia. Mkanda ukahifadhiwa, ukaandikwa tarehe, ukaandikwa majina: aliyepiga mpira wa adhabu, aliyefunga, aliyetoka, aliyeingia. Mwisho wa mwaka, watazamaji wa televisheni wakaulizwa wachague goli la mwaka, la wanaume na la wanawake kwa pamoja, na wakalichagua hilo. Ilikuwa mara ya kwanza mwanamke kupata heshima hiyo kwao. Kisha mitandao ilipokuja, ilikuta kitu kiko tayari ghalani, kina jina na tarehe. Ikakichukua, ikakisambaza.

Kwa hiyo jibu langu ni hilo. Watu wanamwangalia kwa sababu watu walimshika. Narudia, ili na mama aliyeingia sasa hivi kutoka kuteka maji asikie: mtandao haumfanyi mtu akumbukwe. Mtandao unasambaza kile ambacho mtu fulani amekwisha kushika.

Mnakumbuka ile namba tuliyoiweka pembeni? Magoli mawili. Katika timu ile ile ya mwaka 2003 alikuwemo mwanamke mwingine, Birgit Prinz. Yeye amefunga magoli 128 katika michezo 214 ya taifa lake. Katika Kombe lile lile alifunga saba, akawa mfungaji bora na mchezaji bora wa mashindano, na FIFA ikamchagua mchezaji bora wa dunia mwaka 2003, 2004 na 2005. Ni mtu anayependa utulivu, ameingia kazi ya saikolojia ya wanamichezo, na hajitafutii kelele. Leo mtaani mtoto anaweza kuona kichwa cha Nia mara kumi asilisikie jina la Prinz hata mara moja. Lakini akitaka kumjua, atamjua dakika hiyo hiyo, kwa sababu kila goli limeandikwa. Hapo ndipo tofauti ilipo kati ya kuvuma na kuhifadhiwa. Kuvuma kunakuja na kuondoka. Kuhifadhiwa kunakungoja mpaka utakapouliza.

Msidhani kwamba huko Ujerumani wanawake walipewa haya kwenye sahani. Hapana! Shirikisho lao liliwakataza wanawake kucheza katika viwanja vya vilabu vyake mwaka 1955, na katazo likadumu mpaka mwaka 1970. Miaka kumi na mitano. Walisema mpira unaharibu mwili wa mwanamke na heshima yake. Je, maneno hayo hamyajui? Hamjayasikia kwenye parsela zetu hapa? Na mwaka 1989, timu yao ya wanawake ilipochukua ubingwa wa Ulaya kwa mara ya kwanza kwa kuifunga Norway 4 kwa 1, mnajua kila mchezaji alipewa nini kama zawadi? Seti ya vikombe vya kahawa. Vikombe na visahani. Wanawake wale wamekuwa mabingwa wa bara zima, na shirikisho likaona wapewe vyombo vya kupangia meza.

Hadithi ya vikombe vile inasimuliwa mpaka leo, na inawatia watu uchungu na hasira njema. Kwa nini inasimuliwa? Kwa sababu wapo waliovitunza vikombe, na wapo walioandika.

Sasa tuje nyumbani.

Mwaka 1998, mwezi wa kumi, timu yetu ya taifa ya wanawake ilikwenda Nigeria kwenye ubingwa wa Afrika. Mnakumbuka mwaka 1998 ulikuwaje? Vita vilikuwa vimewaka tena mwezi wa nane. Watu walikuwa hawajui kesho. Wasichana wale wa Kongo wakaenda, wakacheza, na wakarudi wa tatu barani Afrika. Wa tatu! Ni nani kati yetu anaweza kutaja majina matatu ya timu ile? Papa wa pale karakana ya reli, ninyi mnaotaja kikosi cha Leopards, timu ya taifa ya wanaume, ya mwaka 1974 kutoka kipa mpaka winga ya kushoto bila kukosea, nitajieni wasichana watatu wa mwaka 1998.

Siulizi ili kumwaibisha mtu. Nauliza kwa sababu inaniuma. Wanawake wale leo wana umri wa kuwa mama wakubwa wenye heshima. Pengine mmoja anauza unga katika soko la mji fulani wa nchi hii, na wateja wanamwomba apunguze bei bila kujua wanazungumza na nani.

Nao hawakuwa wa mwisho. Wasichana wetu wa chini ya miaka 20 wamecheza Kombe la Dunia la umri wao mara mbili, mwaka 2006 Urusi na mwaka 2008 Chile. Kombe la Dunia, wasikilizaji, na bendera yetu.

Na mambo ya juzi tu: tarehe 23 Novemba 2024, wanawake wa TP Mazembe, wa Lubumbashi, ambako gari moshi letu linakwenda, walichukua Ligi ya Mabingwa wa Afrika kule Morocco. Wakaifunga AS FAR, timu ya wenyeji, moja kwa sifuri, kwa penalti ya Marlène Kasaj. Kocha wao alikuwa mwanamke, Lamia Boumehdi, Mmorocco, na mwezi uliofuata akachaguliwa kocha bora wa timu za wanawake barani. Siku ile hapa Kamina nilisikia honda zikipiga honi? Kidogo. Wanaume wa Mazembe wakishinda, mji haulali. Mwaka 2025 timu ya taifa nayo ikarudi kwenye Kombe la Afrika baada ya kulikosa tangu mwaka 2012, na wengi hapa tukapata habari kwa mtu aliyesikia kwa mtu.

Lakini kwa Mazembe kuna jambo la kufurahia. Safari hii picha zipo. Penalti ile ipo. Mtoto atakayezaliwa Kamina mwaka huu, akifika miaka ishirini akauliza, atamwona Kasaj akipiga. Hilo wa mwaka 1998 hawakulipata kwa kiasi hicho, na ndiyo maana nasema kazi hii inawezekana, tena imekwisha kuanza karibu yetu.

Kuna mfano mwingine ninaoupenda sana, na unaunganisha lugha yetu na Ujerumani. Kule Nairobi kuna mwanamke anaitwa Doreen Nabwire. Amelelewa katika mitaa ya maskini ya mji ule, akakuzwa kimpira na chama cha michezo cha vijana wa Mathare. Mwaka 2009 akaenda kucheza Werder Bremen, Ujerumani, akawa mwanamke wa kwanza wa Kenya kucheza mpira wa kulipwa Ulaya. Alipomaliza, akarudi nyumbani. Alikuwa ameanzisha shirika lake, Girls Unlimited, la kuwashika mkono wasichana kwa njia ya mpira, na baadaye shirikisho la Kenya likamkabidhi uendelezaji wa soka la wanawake. Leo msichana wa Mathare akimtafuta kwenye simu anamkuta, anamwona, anamsikia akizungumza Kiswahili. Fikirini faida ya jambo hilo. Msichana anamwona mtu aliyetoka mtaa kama wake, na anajua njia ipo.

Wa kwetu atamwona nani?

Sasa nataka niseme na vijana wa kiume, na nitasema wazi kwa sababu nawapenda. Nimekaa karibu na kabini za kuuzia yuniti, nimesikia mnavyozungumza mkiangalia wachezaji wanawake kwenye simu. Mnamzungumzia uso. Mnamzungumzia mapaja. Mnauliza ameolewa au hajaolewa. Anafunga goli la ajabu, na la kwanza kutoka kinywani ni nywele zake! Na si ninyi tu. Mwezi wa kwanza mwaka 2004, miezi mitatu tu baada ya goli lile la dhahabu, mkubwa wa mpira wa dunia nzima wakati huo, Sepp Blatter, alisema hadharani kwamba wanawake wangevaa kaputula za kubana zaidi ili mchezo wao upendwe. Miezi mitatu! Dunia imetoka kuona fainali ile, na mkubwa mwenyewe anafikiria kaputula.

Kwa hiyo ugonjwa huu ni wa zamani na wa watu wengi. Lakini madhara yake yako hapa hapa. Mama anasikia vijana wanavyomsema mchezaji wa kwenye simu, anajiambia, basi na binti yangu watamsema hivyo hivyo. Jumatatu binti haendi mazoezini. Umemwondoa uwanjani kwa mdomo, wewe ambaye hujawahi hata kumkaba.

Umaarufu unaojengwa juu ya uso tu ni umaarufu wa muda mfupi, na unamwibia mchezaji kazi yake. Célia Šašić, Mjerumani mwingine, baba yake ni mtu wa Kameruni. Mwaka 2015 alikuwa mfungaji bora wa Kombe la Dunia kwa magoli sita, na mwaka huo huo akaacha mpira akiwa na miaka 27. Miaka ishirini na saba! Watu walishangaa. Imepita miaka mingi bila yeye kucheza, na mwaka 2024, Ujerumani ilipoandaa Kombe la Ulaya la wanaume, yeye akawa balozi wa mashindano yale. Wanaume wa Ulaya nzima wamekuja kucheza, na anayewakaribisha ni mwanamke aliyestaafu, binti wa Mwafrika. Hakufika pale kwa picha za urembo. Alifika kwa magoli ambayo kila mtu anaweza kuyahesabu.

Basi tufanye nini hapa Kamina? Najua mtaniambia: mega za intaneti ni ghali. Kweli, ni ghali. Mtaniambia umeme hakuna, simu inategemea jua na paneli ya jirani. Kweli. Lakini nataka mwone kwamba kushika hakuhitaji mega hata moja. Kusambaza ndiko kunahitaji mega. Kushika kunahitaji daftari na kalamu.

Siku ya mchezo wa wasichana, mtu mmoja akae pembeni ya uwanja na daftari. Aandike tarehe. Aandike uwanja. Aandike majina ya wachezaji wote kwa ukamilifu, jina la baba na la ukoo, siyo majina ya utani peke yake, maana baada ya miaka kumi nani atajua "Kadogo" alikuwa nani? Aandike nani amefunga, dakika ya ngapi, kwa mguu au kwa kichwa. Mwalimu wa michezo, hiyo ni kazi yako, nakuomba. Mwenye simu apige picha ya timu nzima kabla mchezo haujaanza, wakiwa wamesimama, sura zinaonekana, na nyuma ya daftari aandike nani ni nani kutoka kushoto. Mwenye nafasi kidogo kwenye simu apige video ya penalti tu na ya magoli. Inatosha.

Na hapa nasisitiza, mnisikie vizuri. Picha ya msichana haisambazwi bila yeye kukubali, na kama ni mwanafunzi, bila wazazi wake kujua. Usipige picha mtoto wa mtu anapobadilisha jezi, anapoanguka, anapolia. Usikate video ukaacha goli ukabakiza kiuno. Anayefanya hivyo anamdhulumu binti, na wazazi wana haki ya kumfuata mpaka kwao. Ukiweka picha, weka jina lake jinsi mwenyewe anavyotaka liandikwe, namba ya jezi, timu, na alichofanya uwanjani. Basi.

Papa anayenisikia, nawe nina neno lako. Binti yako akisema anacheza Jumapili, nenda. Simama pale uonekane. Wengi wa wachezaji wakubwa, ukiwasikiliza wakieleza maisha yao, utasikia mzazi au kaka aliyesimama pembeni ya uwanja. Huwezi kujua goli lipi litaulizwa na kijana wa nchi nyingine miaka ishirini ijayo. Nia Künzer mwenyewe siku ile aliketi benchi mpaka dakika ya 88.

Muda wetu unakaribia, lakini kuna jambo moja nataka nilifungue leo, na halitaisha leo. Hapa Kamina wako wanawake waliocheza mpira zamani. Walicheza shuleni, walicheza kwenye timu za mitaa, wengine walipanda gari moshi kwenda kucheza miji mingine. Ninyi mama mnajijua. Watoto wenu pengine hawajui. Nawaomba mje hapa redioni. Tutaandika jina lako, timu yako, miaka uliyocheza, nafasi uliyocheza, na wenzako unaowakumbuka, walio hai na waliotangulia. Ukiwa na picha ya zamani, uje nayo. Tutaipiga picha mbele yako na kukurudishia hapo hapo. Kila juma, kabla ya mazungumzo haya, tutasoma majina hayo hewani, moja moja, na nakala ya daftari tutaipeleka kwenye shule zinazokubali kuitunza.

Na kama unamjua mama wa namna hiyo lakini anaona haya, mwambie wewe. Mwambie redio inamtafuta. Anayekaa mbali, Kabongo au Bukama au Malemba-Nkulu, amtume mtu anayekuja Kamina, na karatasi yenye majina. Maandishi yasomeke, tafadhali, na timu itajwe.

Tunaanza kupokea Jumamosi hii asubuhi. Mwenye mtoto mgongoni aingie naye.